HP 8921A au 8924C kwa kupima simu za upepo?

fundi_waya: Wakuu habari. Natafuta mashine ya kupimia simu za upepo, ila monita zenyewe za kazi hiyo bei haishikiki. Nimeona mbili za mtumba zilizokuwa zinapima mitambo ya simu za mkononi, HP 8921A na HP 8924C. Ya pili bei chee kabisa. Nichukue ipi?

mzee_wa_antena: Masafa gani? Wati ngapi? Utauliza kiatu bila kutaja namba ya mguu?

fundi_waya: Samahani mzee wangu. VHF na UHF, FM tu. Redio za mkononi za wati 5, na repita (mtambo wa kupokea na kurusha tena sauti ifike mbali) moja ya wati 40.

koili77: 8924C inakutosha. Ni ya CDMA (mfumo wa kidijitali wa simu za mkononi), lakini simu za CDMA za enzi zile nyingi zilikuwa zinashuka mpaka AMPS, mfumo wa zamani ambao ni FM ya analogi, ndo maana humo ndani kuna SINAD (kipimo cha usafi wa sauti inayopokelewa), dievisheni (upana wa FM unaporusha), toni, kila kitu. Inaanzia megahezi 30 lakini, HF (masafa ya chini ya hapo) sahau. Na tafuta mtu wa kukusaidia kubeba 😂

mzee_wa_antena: 8921A ni 8920, monita ya HP ya redio, iliyopelekwa mnarani. Inashuka hadi kilohezi 400, ina spektramu (inaonyesha mawimbi kwenye skrini) na trakingi jenereta (inarusha wimbi linalofuatana nayo), dupleksa ya repita, ile chujio ya kurusha na kupokea kwa antena moja, unaitune mwenyewe. Mbona hapa hamna mjadala.

sauti_ya_usiku: Mi niseme yaliyonikuta na 8920. Nilihamishia waya kwenye tundu la antena nisikilize repita hewani, tundu lile ndo lenye masikio makali. Akaja mteja na redio yake, nikaichomeka palepale bila kufikiria, mwenyewe kwa kiherehere akabonyeza PTT (kitufe cha kuongea), "halo halo moja mbili". Wati 5 kwenye tundu la milliwati! Tundu la pili pale lingekula wati 60 bila shida. Toka siku hiyo tundu la antena ni kiziwi, na mteja akauliza mbona redio yake haijapona.

koili77: Weka atenueta (kipunguza nguvu) ya dB 30 muda wote, yaishe.

sauti_ya_usiku: Halafu SINAD utaisoma vipi ukisahau kujumlisha hizo 30?

dongo_sdr: Siku hizi NanoVNA (kile kipimio kidogo cha antena) na SDR (redio ya kompyuta) zinatosha, mavyuma ya nini

mzee_wa_antena: NanoVNA ikupimie dievisheni? Kijana.

dongo_sdr: Nimesema na SDR mzee, soma vizuri

fundi_waya: Jamani ile 8924C imeshachukuliwa. Ya 8921A muuzaji anasema skrini ina mstari mmoja mweusi katikati, hiyo inatengenezeka?