Naomba ushauri: nitakuwa Bonn karibu miezi mitatu, na ndugu wako Uingereza, Uholanzi na Muscat. Nawaonaje wote?

BintiChumbageni

Wanajamvi, habari za wakati huu, na shikamoo kwa wakubwa.

Ninafanya kazi katika shirika moja hapa Tanga, na nimepata nafasi ya mafunzo mjini Bonn, Ujerumani, kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Julai 2026. Viza ya Schengen (ile ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) imeshatoka, malazi yapo, na posho ya kujikimu ni ya kujikimu kweli. Mafunzo hayanitishi. Kinachoninyima usingizi ni ndugu.

Kaka yangu mkubwa anaishi Milton Keynes, Uingereza, pamoja na mkewe na watoto wawili ambao mimi, shangazi yao, nawajua kwa simu tu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Den Haag, Uholanzi. Shangazi yetu, ambaye ndiye aliyemsomesha marehemu baba, yuko Muscat, na umri umekwenda. Tangu habari za safari zilipoingia kwenye kundi la ukoo, mama ameshanipangia ratiba kana kwamba miji hiyo ni Muheza, Pangani na Korogwe. Kaka ametamka wazi kwamba nikifika Ulaya nikarudi bila kulala nyumbani kwake, atahesabu kuwa sikufika. Shangazi hasemi neno, na kimya chake kinanisumbua kuliko maneno ya kaka.

Naomba mnisaidie. Je, niombe viza ya Uingereza nikiwa Bonn, au tutafute mahali pa katikati? Na Muscat nipitie wakati wa kurudi, au nimwombe radhi shangazi nimwendee mwaka mwingine? Siku za ruhusa katika mafunzo ni chache. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Feri

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujazungumzia ndugu, fungua pasipoti utazame kile kibandiko cha viza. Pana sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia: huandikwa 01, 02 au MULT (yaani mara nyingi). Uingereza haimo katika Schengen, kwa hiyo ukitoka Ujerumani kwenda London umetoka nje ya eneo lote. Ikiwa umeandikiwa 01, huo ndio mwisho wa viza yako, na hutarudi Bonn kumalizia mafunzo hata kama siku zimebaki tele. Tazama pia idadi ya siku uliyopewa, maana tarehe za uhalali wa viza na siku za kukaa ni vitu viwili tofauti, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Wala usimsikilize atakayekwambia kwamba mpakani hawaangalii: tangu Oktoba 2025 wameanza kuandikisha kila mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya anayeingia na kutoka, kwa alama za vidole na picha.

Tuletee jibu, kisha tuendelee.

MamaWawili_Birmingham

Mimi naona tofauti kidogo na wale watakaokuja kukushauri mkutane njiani. Ndugu aliye ughaibuni miaka mingi anatamani uingie nyumbani kwake, ukae jikoni na wifi yako, watoto wakuone asubuhi ukiwa na kanga kiunoni. Hotelini hayo hayapatikani. Kama viza yako inaruhusu kutoka na kurudi, basi fikiria kuomba ya Uingereza. Ombi linaweza kupelekwa ukiwa nchi yoyote nje ya Uingereza, na kwa kawaida majibu ya viza ya matembezi huchukua kama wiki tatu. Hata hivyo sikushauri uliombe kwa pupa. Ukinyimwa, kila fomu utakayojaza baadaye itakuuliza kama umewahi kunyimwa viza, nawe utapaswa kusema ndiyo na kueleza.

BintiChumbageni

Asanteni sana. Mzee wa Feri, nimetazama, na imeandikwa 01. Kwa hiyo Milton Keynes imekufa. Nimeuliza zaidi kwa kaka: yeye ana pasipoti ya Uingereza, na watoto pia, lakini wifi bado ana pasipoti ya Tanzania na kibali cha ukaazi cha huko.

MwanaLubumbashi

Dada, basi mahali penu ni Brussels, na sisemi hivyo kwa sababu ndipo ninapoishi. Treni kutoka London hadi Brussels ni kama saa mbili, na kutoka Köln hadi Brussels nayo ni kama hizo hizo. Kutoka Bonn hadi Köln ni nusu saa kwa treni ya mkoa. Hakuna mji utakaowagawia safari kwa haki kuliko huu, na wa Den Haag naye anakuja kwa treni bila viza ya ziada.

Sasa tazama kalenda. Jumatatu ya tarehe 25 Mei 2026 ni Jumatatu ya Pentekoste, sikukuu ya umma Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi. Siku hiyo hiyo Waingereza nao wana mapumziko yao ya mwisho wa Mei, na shule nyingi za Uingereza hufungwa wiki hiyo nzima. Ni nadra nchi zenu zote kupumzika siku moja bila mtu kuomba ruhusa. Mkifika Ijumaa jioni tarehe 22 na kuondoka Jumatatu jioni, mtakuwa mmelala usiku tatu chini ya paa moja. Kama nyinyi ni Waislamu, Idi ya kuchinja inatarajiwa katikati ya wiki inayofuata, karibu na tarehe 27, kwa kutegemea mwandamo. Mwenye nafasi anaweza kuongeza siku.

Kodini nyumba yenye jiko, si vyumba vya hoteli, ili lile alilosema MamaWawili kuhusu jikoni lipatikane angalau nusu. Karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur kuna mtaa wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Mtapata sombe (kisamvu), samaki wa kukausha, ndizi za kupika na unga. Mkiingia dukani msishangae kumsikia mtu wa Goma au Bukavu akiwajibu kwa Kiswahili.

Tahadhari mbili tu. Njoo na pasipoti yenyewe, si nakala, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu. Na tiketi za treni ya kutoka London hupanda bei kadiri siku zinavyokaribia, hasa wiki ya likizo za shule. Mwambie kaka akate mapema.

Nahodha_wa_Mkwajuni

Naongezea kuhusu kaka na wifi, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi huvunjikia St Pancras, kituo cha London inakoanzia treni ya Brussels. Kaka na watoto hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, lakini pasipoti ya Uingereza lazima iwe imetolewa chini ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Schengen. Wapo wanaodhani kwamba tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani inatosha. Polisi wa Ufaransa hukagua hapo hapo St Pancras kabla abiria hajapanda, kwa hiyo mwenye kasoro anarudi nyumbani na begi lake.

Wifi yako anahitaji viza ya Schengen. Kibali cha ukaazi cha Uingereza hakimpi ruhusa ya kuingia Ulaya, na tangu Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, kuolewa na raia wake nako hakumsaidii. Aombe kwa Ubelgiji, maana ndiko mnakokwenda. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yafikishwe si chini ya siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni Euro 90. Aanze mwezi huu. Miadi ndiyo hukawiza, si viza yenyewe. Kama hatapata, kaka na watoto waje tu. Si jambo zuri, lakini ni bora kuliko wote kubaki.

UmmuSeeb

Nimesoma yote, na naona wengi mmeshughulika na Ulaya mkamwacha bibi wa watu Muscat. Mimi ningeanza na yeye. Kaka na mdogo wako wana miguu, wana mishahara, na wanaweza kukufuata ulipo. Mzee anafuatwa. Huku kwetu wako wazee wengi waliorudi baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje, na nyumba zao bado zinazungumza Kiswahili. Wanajua nani alipita uwanja wa ndege wa Muscat akaendelea na safari bila kupiga hodi.

Mpigie simu sasa, wewe mwenyewe, kwa sauti, si kwa ujumbe wa kundi. Usimuulize kama uje. Mwambie unataka kuja, umuulize ni wakati gani utamfaa. Viza hushughulikiwa na Polisi ya Oman kwa njia ya mtandao, na watoto wake wanaweza kukusaidia kama wenyeji wako. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Kwa kuwa Muscat iko nje ya Schengen na wewe utakuwa umeshamaliza Bonn, ile 01 yako haikuzuii chochote.

Mapumziko ya wiki huku ni Ijumaa na Jumamosi. Panga ufike Alhamisi, ili Ijumaa, wajukuu wanapokusanyika kwa chakula cha mchana, uwaone wote kwa mara moja. Julai joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo usiahidi kumtembeza mtu. Utakaa ndani na kuzungumza, na hilo ndilo analolitaka.

Mzee wa Feri

UmmuSeeb kasema kweli. Naongeza kuhusu tiketi: kama ni ya shirika, uwaombe sasa, kabla haijakatwa, wakurudishe kwa kupitia Muscat, na tofauti ya nauli, ikiwepo, uilipe wewe. Baada ya kukatwa, kuibadilisha ni ghali. Ndege za kutoka Muscat kwenda Dar es Salaam na Zanzibar zipo.

Kuhusu kaka, mwambie wewe kabla mama hajamwambia. Usianze na kwamba huji. Mwonyeshe ile namba 01, umpigie picha kibandiko umtumie, kisha umpe tarehe 22 Mei na umwombe yeye, kama mkubwa, achague nyumba ya kukodi. Mtu akipewa jambo la kuamua, hasira humpungua.

BintiChumbageni

Nimempigia shangazi leo baada ya Alasiri. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bado ninakula pweza, maana mwanawe atakwenda soko la Mutrah. Nadhani hilo ni jibu. Ofisini nimewaandikia kuhusu tiketi. Kaka nitampigia kesho, picha ya kibandiko ninayo.

Limebaki moja. Mama anataka nibebe samli, embe, nazi na dagaa, vyote vya kupeleka Brussels.

MamaWawili_Birmingham

Samli iache Tanga. Vitu vya maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi katika mizigo ya abiria. Embe nazo zinahitaji cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo ziache pia. Nazi hazihitaji cheti hicho, na samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, hivyo dagaa wako wanapita. Uwafunge mara mbili, kwa ajili ya jirani yako wa Bonn, maana watakaa naye chumba cha pili tangu Aprili.