Bustani ya umma, kufuli la ghala: nani ana ufunguo?

Jana mamangu alikoswakoswa na bodaboda, kasoro shubiri moja. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Mama ana miaka 71, goti la kulia limechoka, na kila mwezi ana siku yake ya kliniki ya sukari. Miaka yote njia ilikuwa moja: hutoka mlangoni, hukata uwanja wa mtaa kwa ujia uliokanyagwa na watu tangu mimi sijazaliwa, hutokea nyuma ya zahanati. Dakika saba kwa mwendo wake wa kuhesabu hatua. Sasa ule uwanja umeitwa bustani ya kisasa, umezungushwa ua wa vyuma vyenye ncha, lango lina kufuli kubwa kama la ghala la mahindi, na mama anazunguka kando ya barabara kuu isiyo na njia ya miguu, akipishana na tuktuk, matatu na hao wa boda wanaokimbilia abiria.

Kaunti siitaji. Ni mojawapo ya zile sita za Pwani ya Kenya, na mtu wa mtaani kwetu akisoma mistari mitatu atajua ni wapi.

Kabla hamjaniambia maendeleo yana gharama zake, sikilizeni palivyokuwa. Palikuwa na mkungu mmoja mkubwa na mikwaju miwili. Chini ya mkungu wazee walicheza bao, na mwuza kahawa aliweka dele lake kuanzia alasiri. Vikombe vikilia, hata uliyelala ndani unajua ni saa ngapi. Wavulana walikuwa na nusu ya juu, mawe mawili ndio goli. Zamani boli ilikuwa ya majuala. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2017 wakajifunza kufunga za matambara, zinadunda vibaya lakini walizicheza hivyo hivyo mpaka magharibi. Wasichana walikuwa na kona yao ya kuchezea mpira wa kati. Mama wa mabuyu, mama wa viazi karai, kila mtu na mahali pake. Sikukuu ya Idi zilifungwa pembea za mbao hapo, watoto wa mitaa mitatu wakajaa. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyeulizwa unakwenda wapi.

Kasoro zilikuwepo, sisemi palikuwa peponi. Masika maji yalituama wiki nzima. Usiku hapakuwa na taa, na vijana wa maskani walivuta vyao pembeni. Ndiyo maana tulipoitwa kikao cha kutoa maoni tukaenda wengi, na tulipoambiwa bustani inakuja tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga, nakiri. Tuliomba vitu vinne: taa, choo, bomba la maji ya kunywa na mfereji wa kutoa maji ya mvua. Viliandikwa, nilimwona karani akiandika. Hakuna aliyeomba ua. Hakuna aliyeomba chemchemi.

Tukaletewa chemchemi.

Mkungu ulikatwa siku ya tatu ya kazi. Fundi akasema mizizi itainua kabro, yale matofali ya kutandika chini. Yaani kivuli walichokikuta babu zetu kiondoke ili matofali yakae sawa! Wakapanda mitende ya mapambo kumi na miwili, wakaifunga vijiti kama majeruhi. Imekufa kumi na mmoja. Uliobaki uko karibu na bomba la msikiti linalovuja, kwa hiyo wa kushukuriwa ni bomba.

Nilipouliza nikajibiwa kwamba hapa chini ni mwamba wa matumbawe, haushiki miti. Jamani, huyu bwana hajawahi kufika Bamburi, hapo Mombasa? Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti ndani ya machimbo ya kiwanda cha saruji, pahali palipochimbwa mpaka pakabaki jiwe jeupe linalochoma macho. Miche mingi ilimfia. Mvinje ukakubali. Tatizo likawa majani yake: yalianguka yakalala pale pale bila kuoza. Wakaletwa jongoo, wale wenye miguu myekundu, wakayala, na mavi yao yakawa udongo. Leo ndipo palipo Haller Park, na watu wanalipa kiingilio kutazama viboko na twiga. Jongoo wameweza. Nyinyi wenye mhandisi na malori mnaniambia udongo haushiki.

Siku ya kukata utepe chemchemi ilirusha maji juu, rangi rangi, watoto wakapiga kelele. Maji yaliletwa na lori. Lori lilipoondoka, chemchemi ikazima na haijawahi kuwaka tena. Sasa ni karai la chupa tupu na mbu. Vyoo vimejengwa vizuri mno, vigae vyeupe, milango ya buluu, ila havijaunganishwa na maji. Mtelezo wa watoto ni wa bati la chuma, umeelekezwa magharibi pasipo kivuli. Saa tisa mchana ukiweka chapati inaiva. Ile njia ya mazoezi waliyoisifu inazunguka ndani ya ua na kurudi ilikoanzia, haimfikishi mtu popote. Ujia wetu ulimfikisha mama zahanati. Na ubao wa mradi nao, mahali pa gharama palibandikwa karatasi, na karatasi imeliwa na jua.

Tuliingia wiki tatu. Asubuhi moja tukakuta lango limefungwa, na hilo kufuli halijatoka tangu siku hiyo isipokuwa Jumamosi moja walipokuja maharusi na mpiga picha. Nani aliwafungulia? Waliingia, wakapiga picha kando ya chemchemi kavu, wakatoka, pakafungwa.

Nimekwenda ofisi za kaunti kuuliza mara nne. Mara ya kwanza nikaambiwa hiyo ni kazi ya idara ya michezo. Wa michezo wakasema ni mazingira. Mazingira wakasema niandike barua. Mara ya nne kijana mmoja mpole, huyo simlaumu, akanong'ona: "Mama, mradi bado haujakabidhiwa rasmi." Haujakabidhiwa! Utepe umekatwa, picha zimesambazwa, keki imeliwa, kisha haujakabidhiwa.

Barua nikaiandika. Nikataja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa ofisa siku 21 za kujibu. Niliuliza mambo matatu tu: gharama, aliyepewa zabuni, na nani analipwa kuitunza. Leo ni siku ya 34. Nimeshaanza kuandika nyingine kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Na msiniambie si kazi yao. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, aya ya nne, limezipa kaunti bustani, fuo na mahali pa burudani. Aya hiyo hiyo imewapa kamari na leseni za pombe. Za pombe na kamari hawazisahau hata siku moja, ada zinakusanywa mpaka kwenye vichochoro.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisome polepole, kwa sababu wengi tunapiga kelele kuhusu wizi na kuacha jambo lililo wazi. Huenda kuna wizi, huenda hakuna, mimi sina ushahidi. Ila bila hata shilingi moja kuibiwa, bustani hii ingefungwa vile vile. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Ni sheria nzuri, iliwekwa ili mishahara isimeze kila kitu. Lakini tazama inavyotumika. Kujenga lango ni maendeleo. Mtu wa kulifungua asubuhi ni matumizi ya kawaida. Kupanda mitende ni maendeleo, kuimwagilia ni matumizi ya kawaida. Chemchemi ni maendeleo, bili ya maji siyo. Kwa hiyo kila mwaka kuna hela ya kujenga kitu kipya, na hakuna hela ya mtu mwenye fagio, mpira wa maji na funguo. Nimepekua makadirio ya idara tatu usiku kucha: kuna mistari ya kujenga na kuboresha bustani, mtunza bustani hata mmoja sikumwona.

Mtunza bustani mmoja, walinzi wawili wa zamu, na maji. Hicho ndicho kilichokosekana. Si kabro.

Nimeona mmeanza kujibu, najibu kwa pamoja.

Ndugu wa Dodoma uliyeuliza kaunti ni kitu gani: chukulia halmashauri, ila ina gavana wake na bunge lake. Ziko 47, zimeanza kazi 2013. Makelele mengine unayajua, hayana mpaka.

Uliyesema tuweke kiingilio kama Karura: Karura nimefika. Ni msitu wa Nairobi wa hekta zaidi ya elfu moja, una njia za kutembea na za baiskeli, maporomoko na mapango, na zamani watu waliogopa kuuingia. Wakaazi waliojiunga na wahifadhi wa misitu waliufufua, na anayelipa analipia kitu kinachoonekana. Sawa. Huu wetu ni uwanja wa mtaa. Mama yangu alipe kiingilio ili avuke kwenda kupimwa sukari? Na hicho kiingilio atampa nani, kufuli?

Uliyesema Wapwani tunapinga maendeleo, kaa chini kidogo. Mwaka 1989 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alipokataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, alikejeliwa mpaka bungeni. Mnamo 1999 akapasuliwa kichwa akiutetea huo msitu wa Karura. Kuna mtu leo Nairobi anayelia kwamba lile ghorofa halikusimama? Mimi wala sipingi ujenzi. Bustani ya Mama Ngina pale Mombasa ilikarabatiwa 2019, na jioni ya Jumapili hupati pa kukaa. Lakini tizama watu wanafuata nini: upepo wa bahari, mibuyu ya zamani iliyosimama palepale, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, madafu. Sijaona familia iliyotandika mkeka ili itazame matofali.

Aliyependekeza vijana wakate kufuli usiku: tafadhali usiwaponze watoto wa wenzako. Askari wa kaunti hawaji kufungua lango, ila kumkamata aliyelifungua watakuja mbio.

Ninachowaomba ni hiki. Makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe yamefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Vikao vya umma vikitangazwa, msiende kuomba bustani nyingine wala taa za rangi. Nendeni mkamwulize mwakilishi wadi wenu kitu kimoja mbele ya watu: mshahara wa mtunza bustani uko ukurasa gani? Akikwambia utakuwepo, mwambie akuonyeshe. Na kaunti nyingine zenye kisa kama hiki, andikeni hapa chini, mtaje mahali palikuwaje kabla.

NYONGEZA, saa nne usiku.

Ufunguo umepatikana. Jirani mmoja amesoma uzi huu akanipigia, na jioni tumekwenda nyumbani kwa mzee mmoja, mwendo wa nusu saa na tuktuk. Ndiye aliyekuwa mlinzi. Kumbe aliajiriwa na mkandarasi alinde saruji na vyuma. Kazi ilipokwisha mkandarasi akaondoka, hakuna aliyemwambia mzee aache, wala aliyemwambia aendelee, wala aliyemlipa. Anadai miezi mitatu. Alikaa zile wiki tatu akifungua na kufunga kwa hisani yake tu.

Nikamwuliza, mzee wangu, mbona umeondoka na ufunguo? Akaleta karatasi. Ametia saini vitu vyote kwa jina lake: bembea, taa, mabomba ya vyooni. Betri mbili za sola zilipoibwa akaogopa. Akiacha wazi na kikapotea kingine, atakayeshikwa ni yeye. Na maharusi? Akacheka. Alikuwa mpwa wake.

Ameutoa mfukoni, umefungwa kwa kitambaa, akanyoosha mkono. "Bibi, mimi nimechoka nao. Niambie nimkabidhi nani, kesho asubuhi nampelekea."

Nimezunguka ofisi nne. Nilikaa pale kwake mpaka chai ikapoa, nikikosa jina la kumtajia.