Naombeni ushauri: mtoto tuliyemuasili Mwanza halali usiku tangu tumlete nyumbani Jinja

Mgeni Nyumbani:
Wanajukwaa habari za usiku. Niko Jinja, saa hizi ni saa tano, na najua ikifika saa nane nitaamshwa tena.

Mimi na mume wangu ni raia wa Uganda, Wasoga. Mume alipata kazi Mwanza, mkataba wa miaka miwili, tukahamia huko. Tukaasili mtoto wa kike, sasa ana miaka mitano. Tulipita ustawi wa jamii, tukakaa naye kwanza kama walezi, ndipo Mahakama Kuu ikatoa amri. Wiki tatu zilizopita tumerudi nyumbani moja kwa moja.

Halali. Saa nane anaamka, anakaa kitako kitandani, machozi yanamtoka bila sauti. Chakula anaficha. Juzi nimekuta kipande cha posho, yaani ugali, kimekauka ndani ya soksi yake. Binti yangu wa kumzaa ana miaka kumi na miwili, yeye alibaki hapa kwa bibi yake, naye humwita mdogo wake "yule Mtanzania". Mama mkwe naye Kiswahili anachokijua ni "simama" na "toa kitambulisho", maneno ya vizuizi vya barabarani enzi za Amin. Mtoto akiomba maji, mama mkwe ananigeukia: hii lugha ya wanajeshi inatafuta nini jikoni kwangu?

Muhula unaanza Jumatatu ijayo. Nifanye nini azoee haraka?

Fundi Redio:
Pole sana dada. Mimi nimelelewa na shangazi Tororo, nikitokea Busia upande wa Kenya. Mwaka mzima sikula ndizi yao, nilikuwa naitupia mbuzi chini ya meza. Shangazi alijua kwa sababu mbuzi alinenepa. Mpe muda tu, atazoea.

Bibi wa Mbale:
Mwanangu, mama mkwe wako usimlaumu. Sisi wa rika lake Kiswahili tulikisikia kwa mtu anayegonga mlango usiku, na asubuhi baba wa watu hayupo. Mwaka 1979 Watanzania walipoingia tulikisikia tena, safari hiyo tukakitolea ndizi na maji. Kwa hiyo masikio yetu yana mambo mawili. Mwambie huyo mtoto anatoka kwa wale waliomwondoa Amin. Baraza la mawaziri likapitisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe shuleni, sawa, lakini azimio haliingii jikoni kwa mama mkwe.

Kijana wa Walukuba:
Hamia Walukuba mama, huku kwetu Kiswahili kipo tangu enzi za viwanda. Na usiite mukene mbele yake, sema dagaa, utaona sahani inarudi tupu.

Ustawi Zamani:
Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii Kagera miaka mingi kabla ya kustaafu. Kuficha chakula tumekuona sana kwa watoto wa vituo vya kulelea watoto. Usimgombeze, usimpekue. Mwekee bakuli lenye kiazi au kipande cha mhogo mahali mkono wake unafika, na lisiishe. Ila nina swali. Hiyo saa nane, anamwita nani?

Mgeni Nyumbani:
Asante mzee. Anaita majina tu ya kule. Nilitaka zaidi kujua habari za shule, na uraia wake nauanzia wapi.

Wakili Kijiweni:
Uraia ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Katiba ya Uganda, ibara ya 11: mtoto chini ya miaka 18 ambaye wazazi wake si raia, akiasiliwa na raia wa Uganda, anasajiliwa kuwa raia baada ya kuombewa. Sikiliza hapo, kuombewa. Haiji yenyewe. Chukua amri ya mahakama, nakala iliyothibitishwa, na cheti cha kuzaliwa, uende uhamiaji. Usisubiri afike miaka 17 ndipo ukimbizane.

Abu Salim Bombo:
Dada, kulea yatima ni jambo kubwa mbele ya Mungu, hongera. Ila jina la baba yake mzazi usilifute. Qurani, sura ya 33, imesema waiteni kwa baba zao, hiyo ndiyo haki. Mtoto asipojua ukoo wake, siku moja anaweza kuoa au kuolewa na ndugu yake pasipo kujua.

Mgeni Nyumbani:
Sisi ni Wakristo, lakini nimekuelewa. Jina tumeshalibadilisha shuleni, ukoo wa mume umempa la kwao. Tuliona ni vizuri aanze upya.

Ustawi Zamani:
Mama, swali langu umelipita. Anamwita nani?

Mgeni Nyumbani:
Anamwita kaka yake.

Ana kaka wa miaka tisa, yuko kituoni bado. Tulipokuwa Mwanza tulikuwa tunampeleka kumwona kila Jumapili baada ya kanisa. Yule mvulana alikuwa anamtunzia nusu ya chapati ya chai ya asubuhi, ameifunga kwenye karatasi ya daftari, yenye hesabu zake za kujumlisha. Kila Jumapili.

Kabla hamjanihukumu: mume alisema mmoja tu ndiye tunayemweza. Nyumba hii ina vyumba viwili na tumo watano. Hati zote zilikuwa za mtoto mmoja. Siku ya kuondoka tulimwambia tunakwenda matembezi, kwa sababu mlezi mmoja alituambia kuagana kutaleta kilio kituo kizima. Nami nikamwomba mlezi mkuu asitupigie kwa miezi sita, moyo wake utulie kwanza. Miaka mitano ni midogo. Watoto husahau.

Fundi Redio:
Husahau? Dada, ile hadithi ya mbuzi niliikata katikati. Busia niliacha mdogo wangu wa kike. Nina miaka 41, na mpaka leo nikipita Busia na gari namtafuta kwenye nyuso za wauza ndizi, na yeye tulishamzika. Usiandike tena hilo neno.

Bibi wa Mbale:
Na yule wa kumzaa, alibaki kwa bibi yake miaka mingapi? Umerudi baada ya muda wote huo umeshika mkono wa mtoto mwingine. Hata mimi ningemwita Mtanzania.

Kijana wa Walukuba:
Bibi umenipiga na mimi ambaye sijaoa.

Mpita Njia:
Wakuu, mnalilia uzi wa kutunga. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo ndipo aasili. Huyu kaandika mwenyewe: mkataba wa miaka miwili. Hesabu inakataa. Ama ni hadithi ya kutafuta huruma, kesho mtatumiwa namba ya kuchangia, ama mtoto kavushwa kwa njia ya panya. Tumesahau mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa hapa hapa Uganda na wakili, kwa watoto waliochukuliwa kwa wazazi wao kwa ulaghai? Wasimamizi waufunge huu uzi.

Abu Salim Bombo:
Hapo hata mimi nimeshtuka. Dada, mlivukia wapi?

Kijana wa Walukuba:
Ngojeni ajibu jamani.

Mgeni Nyumbani:
Mkataba uliongezwa mara mbili. Tumekaa Mwanza miaka sita. Bibi, ndiyo, binti yangu nilimwacha ana sita, nikirudi likizo tu.

Tulivukia Mutukula, mchana, kwa basi. Afisa alisoma amri ya mahakama ukurasa kwa ukurasa, watu nyuma wananung'unika. Akamwinamia mtoto akamuuliza, huyu ni nani wako? Akasema mama. Kisha akamuuliza yule afisa: kaka anakuja na basi la nyuma? Afisa akaniangalia muda mrefu. Akagonga muhuri. Hilo sikutaka kuliandika, na namba ya kuchangia sina.

Mpita Njia:
Sawa. Miaka sita hukuisema mwanzo. Nimeuliza kwa sababu watoto wanauzwa, sitaomba radhi kwa kuuliza. Ila huyo wa Mutukula ananisumbua sasa.

Ustawi Zamani:
Turudi kwa watoto. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa malezi mbadala wa mwaka 2009 unasema ndugu walioshikamana wasitenganishwe, ila pawe na hatari au sababu nyingine ya wazi kwa faida ya mtoto mwenyewe. Na hata wakitenganishwa, mawasiliano yalindwe. Udogo wa nyumba ni shida ya kweli, lakini simu haihitaji chumba. Piga Jumapili, saa ile ile mliyokuwa mnakwenda, na iwe kila Jumapili. Mwambie mtoto ukweli kwamba mliondoka bila kuaga na mlikosea. Mvulana usimwahidi kumchukua kama hamjakata shauri. Halafu andikeni kwa ofisi ya ustawi wa jamii Mwanza, iwe kwenye faili lake kwamba ana dada Jinja, na anwani yenu.

Na ile posho kwenye soksi, mama, fikiri tena inatunzwa kwa ajili ya nani.

Mgeni Nyumbani:
Nimesoma hilo nikaenda kukaa nje.

Mume anasema simu itamrudisha nyuma. Tumebishana siku tatu.

Mgeni Nyumbani:
Leo Jumapili nimepiga. Mlezi mkuu hakunisema, alimwita tu mvulana. Mtoto alishika simu kwa mikono miwili, kimya, mpaka nikadhani imekata. Kisha akaniachia simu, akakimbilia chumbani, akarudi na soksi. Akaiinua mbele ya simu: "Kaka, nimekuwekea." Simu ya kule ni kitochi, haionyeshi picha. Nikasikia mvulana anauliza, "Umeifunga kwenye karatasi?"

Binti yangu mkubwa ndiye aliyekwenda kuchana karatasi kwenye daftari lake.

Mume alikuwa amesimama mlangoni. Hajasema kitu hadi sasa. Mama mkwe aliniuliza kwa Kisoga huyo kijana anaitwa nani, nikamtajia, akalirudia mara mbili mpaka likamkaa mdomoni.