Kumgusa mtu kwenye pointi akazimia: kuna ukweli, au nitaliwa hela? (Mtwara)

Boda wa Mkanaledi
Habari zenu wakuu. Mimi ni bodaboda hapa Mtwara mjini, kazi yangu ni mpaka usiku. Msimu wa korosho ukifika watu wanatembea na hela, na vibaka wanalijua hilo. Baada ya mwenzetu mmoja kuporwa pikipiki njia ya Mikindani nikajiunga na kareti.

Sasa mwalimu wetu ameanzisha darasa la pembeni la pointi, ada elfu themanini. Anasema ukimgonga mtu shingoni au kwenye mkono kwa vidole viwili anaanguka, na mbele ya macho yetu aliwaangusha wanafunzi wake wa siku nyingi. Nilipoomba anijaribu mimi, akasema bado sijafikia. Hiyo hela kwangu ni kubwa, lakini uhai wangu ni mkubwa zaidi. Je, kitu hiki kinafanya kazi barabarani? Naombeni ushauri wenu.

Njugu Mawe
Usitoe hata mia. Kama ni kweli, amwangushe mtu asiyemjua, mchana, watu wakiona.

Kocha wa Nachingwea
Mdogo wangu, nianze na yaliyo kweli, maana yapo. Ngumi ikitua pembeni ya taya, kichwa kinazunguka ghafla, ubongo unatikisika ndani ya fuvu, mtu anazima. Chembe ya moyo ikigongwa, pumzi zinakatika. Pembeni ya paja, juu ya goti, kuna mshipa wa fahamu; teke likiufikia, mguu unakufa ganzi. Halafu kuna ini, upande wa kulia chini ya mbavu. Septemba 2004 kule Las Vegas, Bernard Hopkins alimpiga Oscar De La Hoya ngumi moja ya ini raundi ya 9. De La Hoya akabaki chini, fahamu anazo, ila mwili umekataa kuinuka mpaka refa akamaliza kuhesabu.

Lakini hizo zote zinafundishwa kwenye ngumi na mateke ya kawaida, na zote zinadai nguvu. Pointi za vidole, ambazo Wajapani wanaziita kyusho, ni habari nyingine. Ukimbonyeza mtu nyuma ya taya, chini ya sikio, akiwa ametulia, anaumia kweli. Mtu mwenye hasira au aliyelewa hasikii maumivu hayo ipasavyo, wala hatulii. Bondia wa kulipwa, kwenye taa zote zile, anaikosa taya nzima. Wewe utaipataje sehemu ya upana wa kidole gizani?

Bahari ya Lindi
Kocha, hapo kwenye kubonyeza mimi sikubaliani nawe kabisa. Nimecheza mambo haya Lindi na yananisaidia. Mtu akikung'ang'ania mmebanana, ukimbonyeza pale nyuma ya taya anageuza kichwa, na ile nafasi ndogo unaitumia kumsukuma. Sisemi anazimia. Kwa kumtoa mtu mwilini, ni halali kujifunza.

Kocha wa Nachingwea
Hapo tuko pamoja, kama nyongeza. Elfu themanini ya nyongeza ndiyo inayonisumbua.

Mwana wa Kilwa
Mimi niongelee hao wanafunzi wanaoanguka. Japani kuna mwalimu anaitwa Yanagi Ryuken, wanafunzi wake walikuwa wanadondoka bila hata kuguswa. Mwaka 2006 akakubali kupambana na mpiganaji ambaye si mwanafunzi wake, akapigwa vibaya ndani ya muda mfupi. Naamini mzee yule hakuwa tapeli. Wanafunzi walimheshimu mpaka miili yao ikawa inajiangusha, na yeye akaamini anachokiona. Kule Marekani, mbinu za George Dillman, mwalimu mwingine wa pointi, ziliposhindwa kwa mtu wa nje mbele ya kamera za National Geographic, akaeleza kuwa huenda ulimi wa mtu yule ulikaa vibaya, au aliinua kidole gumba cha mguu. Ukisikia maelezo ya namna hiyo, ondoka.

Nesi Mstaafu, Ligula
Wanangu, mimi naomba shingo muiache. Pembeni mwa shingo pana mishipa mikubwa ya damu, na hapo ndipo mwili unapopimia presha. Ukipigwa pale presha inaweza kushuka ghafla ukazimia, hiyo kweli ipo. Lakini ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, bonge likapanda kichwani. Hicho ni kiharusi, kwa kijana mzima, na kinaweza kuja baada ya siku kadhaa. Mtu akipigwa shingo, kisha mdomo ukapinda, maneno yakawa mazito au upande mmoja ukalegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo la pili ni la huku kwetu kwenye malaria. Bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, huvimba kwa malaria, na bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo. Damu inavujia ndani polepole, mtu anatembea, anakula, kesho yake anaanguka. Watu husema kapigwa pointi ya kifo. Aliyetoka kuugua malaria asipigwe tumboni mazoezini.

Kocha wa Nachingwea
Asante mama. Boda, huyo mwenzako aliporwaje hasa?

Boda wa Mkanaledi
Shikamoo mama, asante sana. Kocha, abiria alimpiga kabali kutoka nyuma, wenzake wawili wakatokea porini.

Kocha wa Nachingwea
Basi jibu lako ni hilo. Adui yako amekaa nyuma yako, hizo pointi utazigongea wapi? Kabali ikikaa sawasawa pande zote za shingo, ndani ya sekunde kama 10 umezimia. Jifunze hiyo: kidevu chini haraka, mikono yote miwili ivute mkono wake, kidevu ukigeuze kuelekea kwenye kiwiko chake upate hewa, ndipo ujipindue. Wakiwa watatu na panga, waachie pikipiki.

Boda wa Mkanaledi
Nimeongea na mwalimu. Kabali anaijua vizuri, aliwahi kucheza judo, na amekubali kutufundisha ndani ya ada ile ile ya kawaida. Darasa la pointi nimemwambia hapana.

Kocha wa Nachingwea
Mwombe akukabe ukiwa umekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, yeye akiwa nyuma kama abiria. Ukiwa umesimama ni tofauti kabisa. Na mkubaliane: ukigonga mkono wake mara mbili, anaachia hapo hapo.