Tupeane uzoefu: sonona kwa wenye ugonjwa wa Parkinson

Ndugu zangu, nawaomba wanaoishi na ugonjwa wa Parkinson, pamoja na wanaowauguza, tuandike hapa kuhusu sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwa kuwa kutetemeka huonwa na kila mtu lakini sonona haiulizwi hata kliniki. Baba yangu, mwalimu mstaafu, aliacha kusikiliza taarifa ya habari na kuhudhuria vikao vya ukoo muda mrefu kabla mkono wake haujaanza kutetemeka, na majirani wakasema ni upweke wa kustaafu. Daktari alitueleza kwamba sonona inaweza kuzitangulia dalili za mwili, kwa sababu ugonjwa huu hauishii kwenye chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, bali huvuruga pia serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo zinazohusika na hisia. Kinachotutatiza sasa ni uso wake, ambao umekakamaa kiasi kwamba wageni hudhani amekasirika, ilhali sauti yake inacheka. Tumeamua kumwuliza anavyojisikia badala ya kumsoma usoni.

Mchangiaji, Moshi (namuuguza mume wangu):
Pole sana, ndugu yangu. Kwetu huzuni inakwenda na saa za dawa. Alfajiri, kabla ya kidonge cha levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, mzee hawezi kujigeuza kitandani na husema maisha yamemchosha. Dawa ikishashika, anaulizia shamba. Nilianza kuandika daftarini saa ya kidonge, saa ya chakula, jinsi anavyotembea na jinsi anavyozungumza, na daktari alipolisoma akagawa dozi upya ili pengo kati ya kidonge na kidonge lipungue. Alinishauri pia vidonge vinywewe kama nusu saa kabla ya kula, maana protini ya maharage, nyama au maziwa hushindania na levodopa njia ile ile ya kuingia mwilini. Mlangoni miguu yake hugoma kana kwamba imepigiliwa misumari, kwa hiyo tumebandika vipande vya utepe sakafuni, naye huvivuka kimoja kimoja huku akihesabu kwa sauti. Tafadhali msimvute mtu mkono akiwa amekwama hivyo, ataanguka.

Mchangiaji, Mombasa:
Mimi ni mgonjwa mwenyewe, fundi wa kushona. Nambari za vipimo nilizoandika zilizidi kuwa ndogo hadi mwanangu akashindwa kuzisoma, nami nikaanza kuwakwepa wateja, kisha nikaacha hata kwenda msikitini, kwa kuwa niliona haya kuinuka kutoka kwenye sijida baada ya wenzangu wote. Imamu aliponiwekea kiti nilirudi. Nisipotembea moyo hudidimia, na moyo ukididimia sitaki kutembea, basi sisubiri kujisikia vizuri ndipo nitoke nje.

Mchangiaji (muuguzi):
Naomba niongeze tahadhari. Mgonjwa mwenye huzuni na uso mkavu anaweza kudhaniwa ana ugonjwa wa akili akapewa haloperidoli au kloropromazini, dawa zinazoziba kazi ya dopamini na kuzidisha ukakamavu. Metoklopramidi, ambayo wengi hupewa kwa kichefuchefu, hufanya vivyo hivyo. Sonona ina tiba yake, zikiwemo dawa kama sertralini na mazungumzo na mtaalamu, na mtu anayetamka kwamba anataka kufa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Levodopa isikatishwe ghafla. Wanaotafuna mbegu za upupu kwa kuwa wamesikia zina levodopa, jambo ambalo ni kweli, wamweleze daktari, kwani kipimo chake hakijulikani. Hatushangai watu kukosa tiba inayofaa: uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Mwanzisha mada:
Nawashukuru. Daftari tunalianza kesho. Mama wa Moshi, je, mzee alikubali kuandikwa maneno yake ya alfajiri, au uliyaandika pembeni? Baba yangu ni mtu wa siri, na sipendi ajihisi anapelelezwa nyumbani kwake.