Mliowahi kuishi nchi ya watu, tupeane uzoefu: raha zake na karaha zake

Wakuu habari zenu. Mimi nina mwaka wa saba ughaibuni na leo naomba tuongee ukweli, maana tukipiga simu nyumbani wote tunasema mambo safi. Kilichonitesa mimi sio baridi wala kubeba boksi, ni kibali. Kibali changu cha kazi kilifungwa kwa mwajiri mmoja, yaani nikiacha kazi kwake na ukaazi wangu unaingia matatani, na jamaa akalijua hilo, ovataimu halipi, likizo hakuna, ukiuliza anakuonyesha mlango. Nimevumilia miezi 14 mpaka nikapata mwingine wa kuniombea kibali kipya. Siku bahasha imefika nilikaa pale pale kwenye ngazi na viatu vya kazi mguuni, nikalia. Ila nimesomesha wadogo zangu wawili, hilo sijutii hata kidogo. Karibuni.

*

Mkuu umenigusa. Mama alifariki paspoti yangu ikiwa uhamiaji kwenye maombi ya kuongeza muda, sikuweza kutoka. Mazishi nimeyaona kwa simu ya binamu, mkono unamtetemeka, mara mtandao ukakata wanashusha jeneza, uliporudi naona watu wanapiga udongo tu. Kesho yake nikaingia zamu kama kawaida. Hela nilituma nyingi sana msibani lakini hela haibebi jeneza.

*

Poleni sana ndugu zangu. Mimi niseme na mazuri maana yapo. Jirani yangu mzee wa makamo ya babu ndiye alinifundisha lugha, kila nikipata barua ya serikali nampelekea, ananisomesha neno kwa neno, haniachi mpaka nimeisoma mwenyewe. Alipolazwa, kwenye fomu ya ndugu wa karibu akaandika jina langu. Mimi mgeni!

Kwa wanaojiandaa kuja: paspoti usimpe mwajiri akutunzie hata akiwa mpole vipi, piga kopi za kila karatasi na moja mwachie mtu nyumbani. Na ukikamatwa, una haki ubalozi wako ujulishwe, ipo kwenye Mkataba wa Vienna wa 1963, lakini mara nyingi hawapigi simu mpaka wewe mwenyewe uombe. Mimi nilikaa ndani siku mbili kwa kutolijua hilo, kosa lenyewe kadi ya ukaazi niliisahau kwenye koti lingine.