Naomba ushauri: kalenda ya bendi na siku ambazo mtu hapatikani

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Bendi yetu kila mtu anapiga na makundi mengine pia, so tuna Google Calendar ya pamoja, unablok siku ambazo hupatikani ili mteja akipiga simu nimjibu hapo hapo. Shida ni kwamba tukio la siku nzima lenyewe linakaa kama uko huru mpaka ubadilishe kwa mkono uweke bize, na mpiga besi wetu hakumbuki kabisa, halafu wengine hawataki tuone wanapiga wapi, haki yao kwa kweli. Na shoo ikivuka saa sita usiku, mnablok na kesho yake? Tarehe ambayo mteja hajatoa advansi je, mnaifunga au mnaiacha wazi?